Wamelungeon walilazimika kuwa Wareno

Agosti 1845 wanaume wanane wa Kaunti ya Hawkins, mashariki mwa jimbo la Tennessee, walikwenda kupiga kura. Walikuwa Wamelungeon, watu wa koo za milimani zenye damu mchanganyiko. Sita walikuwa wa ukoo wa Collins, wawili wa ukoo wa Minor. Mmoja wa kina Collins, Vardy, alikuwa mzee anayekaribia miaka 80, mwenye ardhi na wajukuu. Bonde alimoishi linaitwa Vardy hadi leo. Mwaka uliofuata wote wanane walikuwa na mashtaka ya jinai katika mahakama ya Rogersville. Hawakupiga kura mara mbili wala hawakuiba sanduku. Walidaiwa kuwa ni "watu huru wa rangi", na mtu wa rangi alikuwa ameshaondolewa kwenye haki hiyo.

Zamani alikuwa nayo. Katiba ya kwanza ya Tennessee, ya 1796, ilimpa kura mwanamume huru bila kuuliza ngozi yake. Katiba mpya ya 1834 ikasema apige kura mwanamume mweupe, kisha ikaacha upenyo mmoja: asiyekuwa mweupe naye ataruhusiwa iwapo sheria inamkubali kuwa shahidi dhidi ya mzungu. Na sheria ya ushahidi ilimkataa kila mwenye damu ya Mwafrika au ya Mhindi Mwekundu hadi kizazi cha tatu. Kwa hiyo haki ya mzee Vardy ya kuchagua viongozi wake ilitegemea babu na bibi zake walikuwa nani, na ushahidi wa jambo hilo ulikuwa midomoni mwa majirani. Kesi zilivutana hadi 1848. Mwisho wake hakuna aliyetiwa hatiani.

Mijadala mingi kuhusu asili ya Wamelungeon huanzia mwisho, kwenye vipimo vya vinasaba, kana kwamba jambo pekee la kujua ni asilimia ngapi ya nani imo ndani ya nani. Mimi naanzia Rogersville kwa makusudi. Kesi ile inaonyesha kile ambacho kipimo cha mate hakiwezi kuonyesha: kwamba nasaba ya watu hawa, kama walivyoisimulia wao wenyewe kwa miaka mingi, ilikuwa hati ya utetezi. Walisema ni Wareno kwa sababu sheria za nchi yao ziliwaachia mlango huo mmoja wa kupita wakiwa na ardhi yao, ndoa zao na watoto wao mkononi.

Wamelungeon ni koo zilizochanganya damu ya Ulaya, ya Afrika na, kwa baadhi yao, ya Wenyeji wa Amerika, zikajenga makazi katika milima ya Appalachia tangu mwishoni mwa karne ya 18. Makazi yao yanayojulikana zaidi ni Newman's Ridge, mgongo mrefu wa mlima unaoinuka juu ya mji mdogo wa Sneedville, katika eneo lililomegwa miaka ya 1840 kuwa Kaunti ya Hancock. Wengine wako ng'ambo ya mpaka, kusini-magharibi mwa Virginia, kwenye kaunti za Lee, Scott na Wise, na wengine mashariki mwa Kentucky. Majina yao ya ukoo ndiyo yaliyowatambulisha: Collins, Gibson, Goins, Mullins, Bunch, Minor, Denham. Hawakuwa na lugha yao ya pekee wala dini yao ya pekee. Walisema Kiingereza cha milimani, wengi wakasali kwa Wabaptisti, wakalima mahindi na kufuga nguruwe kama jirani yeyote. Kilichowatenga ni swali la rangi, na swali hilo waliuliza wengine.

Majibu yaliyotolewa ni mengi hata yanachosha: mabaharia Wareno waliovunjikiwa jahazi, askari wa Kihispania waliotoroka, Waturuki, Wafoinike, makabila yaliyopotea ya Israeli, masalia ya walowezi wa Roanoke waliotoweka karne ya 16. Ukiyaweka pamoja utaona jambo moja: karibu yote yanaeleza weusi wa ngozi bila kumtaja Mwafrika.

Mwafrika huyo yumo kwenye kumbukumbu za Virginia tangu 1619, pale watu ishirini na zaidi kutoka Angola waliposhushwa Point Comfort. Walikuwa wameporwa na maharamia kutoka meli ya Kireno, São João Bautista, iliyotoka Luanda ikielekea Mexico. Wakati huo sheria ya utumwa wa maisha ilikuwa haijaandikwa. Baadhi ya Waafrika wa kizazi kile walitumikia kwa muda, wakapata uhuru, wakanunua ardhi. Mmoja aliyeandikwa kwenye daftari kama "Antonio" alifika 1621. Miaka 30 baadaye anaonekana kama Anthony Johnson, mwenye eka 250 kwenye pwani ya mashariki ya Virginia. Mjukuu wake alipopata shamba huko Maryland mwaka 1677 aliliita Angola.

Mlango ulianza kufungwa taratibu, na naomba msomaji auangalie ukifungwa, maana Wamelungeon walizaliwa katika kufungwa kwake. Julai 1640 watumishi watatu wa bwana mmoja, Hugh Gwyn, walitorokea Maryland wakakamatwa. Mmoja alikuwa Mholanzi, mmoja Mskoti, wa tatu Mwafrika aitwaye John Punch. Wote walichapwa viboko 30. Wazungu wawili wakaongezewa mwaka mmoja kwa bwana wao na mitatu kwa koloni. John Punch akahukumiwa kumtumikia bwana wake, au warithi wa bwana huyo, maisha yake yote. Kosa lile lile, siku ile ile, hukumu mbili.

Mwaka 1662 koloni likaamua kuwa mtoto atafuata hali ya mama: mama mtumwa, mtoto mtumwa, mama huru, mtoto huru. Sheria hii iliwekwa kumnufaisha bwana anayezaa na watumwa wake, lakini ilikuwa na upande wa pili ambao watunga sheria hawakuupenda. Mwanamke mweupe, mtumishi wa mkataba kutoka Uingereza au Ireland, akizaa na Mwafrika, mtoto wake alikuwa huru. Na walizaa. Walifanya kazi shamba moja, wakala chungu kimoja, wakatoroka pamoja, wakaishi pamoja. Mwaka 1691 zikaja adhabu: mzungu atakayeoana na mtu mweusi, chotara au Mhindi Mwekundu afukuzwe kwenye koloni, mwanamke mweupe atakayezaa mtoto chotara nje ya ndoa alipe pauni 15 au auzwe utumishi wa miaka mitano, na mtoto atumikishwe hadi atimize miaka 30. Sheria haitungwi juu ya jambo lisilotendeka. Ukali wake ndio ushahidi kwamba familia hizo zilikuwapo, na zilikuwa nyingi kiasi cha kuwasumbua wakubwa.

Mwaka 1723 Virginia iliwanyang'anya kura weusi, machotara na Wahindi Wekundu huru, na wanawake wao wakawekwa kwenye kodi ya kichwa ambayo wake wa wazungu hawakuilipa. Hapa ndipo majina yetu yanapojitokeza. Mei 1745, katika Kaunti ya Louisa, mahakama iliita wanaume kadhaa kujibu shtaka la kuficha watu wanaopaswa kulipiwa kodi. Miongoni mwao: Samuel Collins, Thomas Collins, William Collins, Samuel Bunch, George Gibson, Thomas Gibson. Miaka 100 kamili kabla ya kura ile ya Hawkins, majina yale yale yako kizimbani, na kwa maoni yangu kesi ni ile ile. Ukimwandikisha mkeo kwenye kodi, umekiri kwa maandishi kwamba nyumba yako si ya weupe, usipomwandikisha, unashtakiwa.

Basi wakahama, kila mara kuelekea magharibi: kutoka Louisa kushuka North Carolina, kisha Mto New, kisha Mto Clinch, hatimaye Newman's Ridge. Mara nyingi husemwa kwamba walikimbilia milimani kwa kuona haya. Naipinga kauli hiyo. Walifuata ardhi ya bei nafuu kama mlowezi yeyote, na walikwenda mahali ambapo karani wa kodi bado hajafika au hajali.

Jina lao linaonekana mara ya kwanza kwenye maandishi tarehe 26 Septemba 1813, katika kitabu cha kumbukumbu za kanisa la Kibaptisti la Stony Creek, Kaunti ya Scott, Virginia. Dada mmoja wa kanisa, Kitchen, anasimama kulalamika kwamba dada mwenzake, Susanna Stallard, amemsema kuwa anawahifadhi nyumbani "wale Wamelungeon". Kanisa linasikiliza, wanasuluhishwa, mambo yanaisha. Ni mistari michache tu, lakini isome polepole. Mtu anaona amechafuliwa jina kwa kuambiwa anawapa hifadhi. Na kwenye orodha ya waumini wa kanisa hilo hilo, miaka michache nyuma, walikuwamo kina Gibson na kina Collins, wakiimba na kushiriki meza pamoja na hao hao majirani. Katika miaka kumi na kidogo waliokuwa ndugu katika Kristo wamekuwa "wale".

Utetezi wa Ureno ulifikia kilele chake Chattanooga miaka ya 1870. Binti mmoja alikuwa anadai urithi wa baba yake, mzungu mwenye mali. Ndugu wa baba wakapinga: mama wa binti, walisema, ana damu ya Kiafrika, kwa hiyo ndoa ni batili, binti ni wa nje ya ndoa na hana cha kurithi. Wakili wa binti, Lewis Shepherd, alikuwa kijana mwenye kipaji. Aliieleza mahakama kwamba watu wa ukoo wa mama si Waafrika hata kidogo. Ni wazao wa Wakarthago, taifa la kale la pwani ya Mediterania, waliohamia Moroko, kisha Ureno, kisha Marekani. Binti akashinda. Mwaka 1915 Shepherd akaichapisha hadithi hiyo kwenye kumbukumbu za maisha yake, kwa fahari ya wakili aliyeshinda kesi ngumu.

Sitaki kumcheka Shepherd na Wakarthago wake. Fikiria alichokuwa nacho mezani: msichana anayekaribia kupoteza nyumba na jina la baba, na sheria iliyosema kwamba hata ukweli ukiwa upande wako utapoteza, ikiwa ukweli huo una Mwafrika ndani yake. Angesema nini? Mahakama iliyodai nasaba safi ilipewa nasaba safi.

Lakini maneno ya mahakamani hayafii mahakamani. Mwaka 1890 mwandishi wa Tennessee, Will Allen Dromgoole (ni mwanamke, jina lisikupoteze), alipanda Newman's Ridge, akakaa na watu, akala kwao, kisha akaandika kwenye magazeti ya Nashville na jarida la Boston kwa maneno ya dharau ambayo wenyeji hawakuyasahau: wachafu, wavivu, wapika gongo. Yeye ndiye aliyeeneza mgawanyo unaorudiwa mpaka leo, kwamba ukoo wa Mullins ni damu ya Kiingereza, Goins ni ya Kiafrika, Denham ni ya Kireno, Collins na Gibson ni ya Kihindi Wekundu. Ni mgawanyo nadhifu usiofanana na maisha ya watu waliokuwa wakioana kwa vizazi vitano.

Kutoka enzi hiyo anatajwa sana Mahala Mullins, aliyefariki 1898, mama mnene wa ajabu aliyepika pombe ya magendo kwenye kibanda chake cha magogo. Hadithi ya polisi aliyeshindwa kumtoa mlangoni imesimuliwa mara nyingi kiasi kwamba wengi hawajui lolote jingine kuhusu Wamelungeon. Mimi naipita. Kibanda chenyewe kimehamishiwa bondeni Vardy na kinatunzwa na wazao, karibu na shule waliyojengewa na wamisionari wa Kipresbiteri.

Sasa tufike kwa mtu ambaye bila yeye simulizi hii haieleweki. Daktari Walter Plecker aliongoza ofisi ya takwimu za vizazi, ndoa na vifo ya Virginia kuanzia 1912 hadi 1946. Mwaka 1924 jimbo lilipitisha Sheria ya Usafi wa Rangi: mweupe ni yule asiye hata na chembe ya damu nyingine, isipokuwa waliokuwa na moja ya kumi na sita au chini yake ya damu ya Kihindi Wekundu, kwa kuwa familia kubwa za Virginia zilijivunia kuwa wazao wa Pocahontas, binti wa chifu wa Wahindi Wekundu. Plecker aliitumia sheria hiyo kwa mkono wake mwenyewe, barua baada ya barua. Mwaka huo huo wa 1924 alimwandikia mama mmoja wa mji wa Lynchburg aliyejifungua mwaka uliotangulia. Mkunga alikuwa ameandika kwamba mama na baba ni weupe. Idara ya afya ya mji ilisema baba ni mweusi. Plecker alimwonya mama yule kwamba mtoto wake ni chotara na hawezi kumpitisha kama mweupe. Ahakikishe hachangamani na watoto weupe. Hawezi kwenda shule yao. Hataoa wala kuolewa na mzungu ndani ya Virginia kamwe. Kisha akamaliza kwa kumwambia kuwa ni jambo la kutisha. Mtoto mwenyewe hata mwaka mmoja alikuwa hajatimiza.

Januari 1943, dunia ikiwa vitani dhidi ya Hitler, Plecker aliwatumia makarani, madaktari, wauguzi na wakuu wa shule orodha ya majina ya ukoo kwa kila kaunti, majina ya kutiliwa shaka kila yanapojitokeza kwenye cheti cha kuzaliwa au maombi ya ndoa. Kwa kaunti za Lee na Smyth aliandika kina Collins, Gibson, Moore, Goins, Bunch, Mullins na wengine, akaongeza maelezo kwamba hao wengi wao ni "Wamelungeon" wa Tennessee. Mtoto wa Collins aliyezaliwa kijijini kwake alikuwa ameshahukumiwa na herufi za jina lake. Hata vyeti vya zamani Plecker aliviandikia onyo mgongoni.

Mwaka uliotangulia alikuwa ameiandikia hifadhi ya nyaraka ya Tennessee kuuliza habari za watu hawa. Jibu alilopewa? Lile la Shepherd: kwamba mahakama ya Tennessee ilishakubali ni wazao wa Wareno wenye asili ya Karthago. Maelezo aliyoyatunga wakili kumwokoa msichana mmoja miaka 70 nyuma yalikuwa yamegeuka kuwa jibu rasmi la serikali. Plecker akayakataa. Kwake walikuwa machotara wa Kiafrika, basi.

Hapa kuna jambo linaloniumiza kichwa kila ninapolifikia, na sitalikwepa. Katika swali finyu la kama walikuwapo mababu Waafrika, Plecker alikuwa karibu zaidi na ukweli kuliko waliowatetea. Alichimba kumbukumbu za karne ya 19 na kuona yaliyoandikwa. Uovu wake ulikuwa katika kuamini kwamba ukishampata babu mmoja mweusi umepata ruhusa ya kumnyima mjukuu shule, ndoa na jina zuri. Kwa hiyo mtu anayedhani haki ya Wamelungeon inasimama juu ya kuthibitisha kwamba hawana Uafrika ameshakubali kanuni ya Plecker. Anabishana naye kwenye hesabu tu. Sheria yenyewe iliyokataza ndoa kati ya weupe na wengine ilivunjwa na Mahakama Kuu ya Marekani mwaka 1967, katika kesi ya Richard na Mildred Loving, na majaji hawakuhitaji kujua lolote kuhusu Ureno.

Baada ya hapo jina lilianza kutamkwa hadharani na wenyewe. Mwaka 1969 Sneedville ilianza kuonyesha mchezo wa kuigiza wa nje kuhusu Wamelungeon, ulioendelea hadi 1976. Kisha, mwaka 1994, msomi mzaliwa wa Wise, N. Brent Kennedy, alitoa kitabu kilichotikisa milima. Kennedy alikuwa amepata ugonjwa wa sarkoidosisi, ambao huwapata watu wa asili fulani zaidi ya wengine, akaanza kuuliza ukoo wake ulitoka wapi, akahitimisha kwamba Wamelungeon walitokana kwa sehemu kubwa na Wareno, Waturuki na Waislamu wa Hispania waliotupwa pwani ya Amerika karne ya 16. Mji wa Wise ukafanya undugu na mji wa Çeşme, Uturuki. Mwaka 1997 mamia walikusanyika Wise kwa mkutano wa kwanza wa ukoo mzima.

Wanahistoria wa nasaba, Virginia DeMarce akiwa mbele, walimkosoa Kennedy vikali, na kwa upande wa nyaraka walikuwa sahihi. Hakuna daftari linalowaunganisha kina Collins na mabaharia wa Ottomani. Paul Heinegg naye alikuwa amefuatilia familia huru za rangi za Virginia na North Carolina, jina kwa jina, akaonyesha kuwa nyingi zilianzia na wanawake weupe na wanaume Waafrika wa karne ya 17. Hata hivyo nampa Kennedy heshima yake. Kabla yake, kwa wengi, Mmelungeon lilikuwa tusi. Baada yake watu walisimama na kusema ni wao. Alikosea babu, lakini aliwaondolea watu aibu, na wale waliokuja na vipimo baadaye walipata watu walio tayari kupimwa kwa sababu yake.

Vipimo hivyo vilichapishwa 2012, kazi ya Roberta Estes, Jack Goins na wenzao wawili. Goins mwenyewe ni mzao wa koo hizi na alitunza nyaraka za Kaunti ya Hawkins. Walifuatilia koo zilizotajwa kuwa za Kimelungeon kwenye kumbukumbu za zamani, wakapima kromosomu Y, inayopita kutoka baba hadi mwana, na DNA ya mitokondria, inayopita kutoka kwa mama. Upande wa baba, koo kadhaa za msingi zilirudi kwa wanaume wa Afrika kusini mwa Sahara, wengi wakiwa kwenye kundi la kinasaba la E1b1a, kundi lile lile walilonalo wanaume wengi wa jamii za Kibantu, wa kwetu Afrika Mashariki wakiwamo. Upande wa mama, waliopimwa walirudi Ulaya. Ndivyo sheria za 1662 na 1691 zilivyotuambia tangu mwanzo. Goins alikiri hadharani kwamba watu wengi walikasirishwa. Walikuwa na hakika kwamba ni Wareno au Wahindi Wekundu.

Tusipakie kwenye kipimo hiki mzigo usio wake. Ukirudi nyuma vizazi kumi una nafasi 1,024 za mababu, na kromosomu Y inamfuata mmoja tu. Mtu wa ukoo wa Goins leo anaweza kubeba Y ya Angola na karibu vingine vyote vikawa vya Uskoti na Ireland. Na Mmelungeon asiye na chembe inayoonekana ya Afrika kwenye kipimo cha leo bado ni mjukuu wa mtu aliyeshtakiwa Rogersville.

Hata Ureno sitaufuta wote. Waafrika wa kwanza wa Virginia walitoka kwenye bandari iliyoshikwa na Wareno, wengine wakiwa wamebatizwa na kubeba majina ya Kireno. Emanuel Driggus, aliyeishi Northampton, Virginia, miaka ya 1640, yaelekea jina lake ni Rodrigues lililopondwa na makarani wa Kiingereza. Mimi naona inawezekana kabisa kwamba bibi fulani aliwaambia wajukuu "tulitoka kwa Wareno" akimaanisha Luanda, na vizazi vilivyofuata, vikiwa na polisi na karani mlangoni, vikasikia Lisbon. Ni dhana yangu, haina hati nyuma yake. Lakini inawapa wazee wale heshima ya kuwa wakumbukaji, badala ya kuwafanya waongo.

Miezi michache baada ya utafiti ule wa 2012, watafiti wa kampuni ya nasaba ya Ancestry walitangaza jambo lililogusa hadi Kogelo. Walihitimisha kwamba yaelekea John Punch, yule aliyehukumiwa utumishi wa maisha mwaka 1640, ni babu wa Barack Obama, tena kwa upande wa mama yake, mzungu aliyezaliwa Kansas. Njia inapitia ukoo wa Bunch: mtoto wa Punch na mwanamke mweupe alizaliwa huru, wazao wake wakawa wenye ardhi Virginia, tawi moja likaoana na weupe hadi likahesabiwa weupe bila swali. Tawi jingine la kina Bunch lilibaki Louisa pamoja na kina Collins na Gibson, likaitwa mahakamani 1745 na kuelekea milimani. Kwa miaka mingi sisi huku tuliamini kwamba Uafrika wa rais yule wote uliondoka Siaya na baba yake. Kumbe upande wa Kansas nao ulikuwa na wake, uliokaa kimya ndani ya ukoo kwa zaidi ya miaka 300, ukivuka sensa moja baada ya nyingine chini ya safu ya weupe, wakati binamu zao wa Newman's Ridge wakiandikwa weupe mwaka huu na watu wa rangi mwaka ule, kutegemea nani amekuja na kalamu.